Zamu ya Mogesi

Mogesi alizaliwa na miguu mizima. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu baadaye walitokea watu wakadai alizaliwa vile, na wengine wakaongeza habari za kulogwa, na hao wote hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Boma letu na boma la baba yake yalitenganishwa na ua wa minyaa, na mbuzi wetu tuliwachunga pamoja kwenye mteremko wa Itiryo. Alikuwa na mbio za kuudhi. Ukimwambia mbuzi amepotea, anarudi naye kabla hujamaliza kueleza alikuwa wa rangi gani. Halafu ikaja homa, akalala ndani muda mrefu, na walipomtoa nje aote jua miguu ilikuwa imenyauka.

Baba yake hakuwa mtu mbaya. Alimtazama tu, akasema, "Huyu basi tena," akaenda kuangalia ng'ombe wake. Kwetu sisi Wakurya, enzi zile hasa, ng'ombe walioletwa kwa dada ndio kaka anaoolea. Mogesi hakuolewa, kwa hiyo hakuleta ng'ombe, na neno hilo alirushiwa maisha yake yote na kila aliyekosa neno lingine la kumrushia. Shule hakupelekwa. Mimi nilisoma nikamaliza darasa la saba, jambo ambalo kwa msichana wa wakati ule halikuwa dogo, na nilichofundishwa asubuhi nilimchorea yeye jioni kwenye vumbi. Akajua kusoma. Mwandiko wake ulikuwa mbaya mpaka mwisho, hapo siwezi kumtetea.

Alitembea kwa magoti na viganja. Fundi viatu mmoja wa gulioni alimkatia vipande vya tairi la gari, akavitoboa na kuvitia kamba, naye akawa anavifunga magotini na mikononi. Ukisikia kitu kinakwaruza njiani, taratibu lakini hakisimami, ujue Mogesi anakuja, na ujue pia ana la kukuambia.

Wazazi walipokufa, kaka yake Kisyeri alibaki na boma, na Mogesi akapewa kipande cha shamba upande wa barabara. Kipande kizuri, udongo mweusi. Lakini shamba lisilo na wa kulilima ni pori tu, na Kisyeri hakuwa mtu wa jembe. Hapo ndipo inapoanzia habari ya risaga.

Kwa asiyejua, risaga ni kulimiana. Wanawake majirani wanaungana, leo wanalima kwa huyu, siku nyingine kwa yule, na mwenye shamba anawapikia na kuwawekea chungu. Kazi ikiisha wanakaa, wanakunywa, wanaimba. Sheria ni moja: aliyeleta mkono kwa wenzake naye atapata zamu. Asiyeleta mkono hana zamu, na hata nyimbo anazisikilizia kwake. Mogesi alizisikilizia kwake kwa miaka mingi.

Siku aliyoomba kuingia, nilikuwa nimekaa ubavuni mwa Mama Waitara, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa risaga yetu, mwanamke mwenye sauti ya fahali. Mogesi akaja akikwaruza, akaamkia, akasema anataka zamu.

Mama Waitara akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye tairi. "Utalima kwa nini, mwanangu? Kwa ulimi?"

Watu wakacheka. Mogesi naye akacheka. "Ulimi wangu mkiuanzisha hamtaweza kuuzima, mama. Kulima sitaweza. Nitapalilia. Nyinyi mnilimie, mimi niwapalilie."

"Upalilie umekaa?"

"Kwani nyinyi ulezi mnaupalilia mmesimama?"

Na ni kweli. Ulezi wetu haukupandwa kwa mistari kama mahindi. Ulimwagwa, ukaota kama manyoya, na magugu yake unaweza kuapa kwamba ni ulezi. Jembe la mpini mrefu halina kazi pale. Unachuchumaa, ukichoka unakaa chini kabisa, unasogea kwa makalio, unang'oa kimoja kimoja. Kwenye palizi ya ulezi hakuna mrefu wala mfupi. Sote tulikuwa pale chini kila msimu, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba pale chini ndipo Mogesi alipo siku zote.

"Aje tumwone," alisema Mama Waitara.

Akaja, tukamwona. Alipalilia kama mtu mwingine yeyote, ila sisi tulilalamikia mgongo na yeye hakulalamika. Mvua zilipoanza tukaenda kwake na majembe, tukamlimia mpaka kwenye ukingo wa barabara, naye akatupikia ugali na dagaa. Watu nimewaona wakifurahi harusini, nimewaona wakifurahi wamepata mtoto wa kiume. Furaha ya Mogesi akipakua ule ugali sijaiona tena. Alikuwa akimsukumia kila mmoja sahani na kusema, "Kula, kula, leo mko kwangu." Alikuwa na zamu. Kijijini kwetu mtu mwenye zamu ni mtu, wala huhitaji kumuuliza ana ng'ombe wangapi.

Alipokwisha kuingia, akaanza kutusumbua.

Desturi yetu ilikuwa, tukishavuna, tunafanya sikukuu ya risaga bomani kwa Mama Waitara, juu kwenye mawe, mahali pa kuparamia, na mlango wa boma umepingwa magogo ili ng'ombe wasitoke. Mara ya kwanza tulimbeba. Mara iliyofuata akakataa. "Mimi si debe la maji," alisema. "Sikukuu ishuke." Mama Waitara alinuna wiki nzima, halafu sikukuu ikashuka, ikafanyika kwenye tambarare karibu na kisima, na tulipofika pale tukaulizana tulikuwa tunapandia nini muda wote huo na vyungu kichwani.

Halafu akamshika Dorka. Dorka alikuwa kiziwi, mke wa watu, mwenye nguvu za kulima kama maksai, lakini tulipokaa kuongea yeye aliketi pembeni akituangalia midomo. Mogesi alimkalisha karibu naye, akawa anamgeuzia maneno kwa mikono, kila utani na kila tusi, mpaka ikawa Dorka anacheka baada ya sisi kunyamaza, peke yake, na kicheko chake kinatuanzisha upya. Halafu wale Wasabato na walokole wasiogusa pombe: Mogesi akasema viwe vyungu viwili, cha pombe na cha togwa, na vikae karibu karibu, mtu asiende kunywa togwa yake nyuma ya nyumba kama mwizi. Halafu ngoma. Alisema amechoka kutazama makalio ya watu wazima. Akatunga nyimbo za kuchezwa tumekaa, miguu tumeinyoosha mbele, mabega na shingo ndivyo vifanye kazi. Wazee waliokuwa wameacha kucheza kwa ajili ya magoti walirudi uwanjani wote. Mpaka watu wa Susuni walisikia kwamba kuna wanawake wanacheza wamekaa, wakaja kutucheka, na kabla jua halijazama nao walikuwa wamekaa.

Basi ikaja dhahabu. Ilikuwepo tangu zamani, lakini miaka ile, tisini na mbili, tisini na tatu, ilitoka kama siafu. Wanaume waliacha ng'ombe, wakaenda kushuka kwenye maduara, yale mashimo wanayochimba mawe. Wakaja watu wa makabila ambayo hatujawahi kuyasikia. Kisyeri alikuwa wa kwanza kuondoka, akarudi na redio na tochi ya betri nyingi. Wanawake wakaona, wakafuata na masufuria, wakawapikia wachimbaji. Nani abaki na watoto? Mogesi. Boma lake likajaa watoto wa kila mtu. Aliwapangia kazi, aliwatoa kamasi, aliwafundisha kusoma kwenye vumbi kama nilivyomfundisha mimi, na palizi ilipofika alikwenda nao shambani.

Kati ya hao, aliowalea hasa ni watoto wa Everlyne.

Everlyne alikuwa mke wa Kisyeri, kwa hiyo ni wifi yake Mogesi. Alitoka mpakani, upande wa Sirari, ana ndugu ng'ambo na ng'ambo, na Kiswahili chake kilikuwa na ule mwendo wa Kenya, haki ya nani hapa, haki ya nani pale. Mzuri wa sura, mwepesi wa maneno. Na nisimnyime haki yake: walipendana. Alikuwa akitoka machimboni anamletea Mogesi mafuta ya kujipaka na sukari, anamsuka nywele huku wakisengenya watu, na nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Wifi, wewe ndiye mama yao. Mimi nimezaa tu." Mama Waitara alipofariki na risaga ikahitaji mwenyekiti, tulikuwa tunatajana sisi wakubwa. Mogesi ndiye aliyesema, "Mpeni wifi yangu. Ana mdomo, na hana aibu ya kuutumia." Tukampa.

Huko machimboni Everlyne alikutana na watu wa shirika moja, mojawapo ya yale yaliyokuja nyuma ya dhahabu na magari yao meupe. Walikuwa wakiulizia vikundi vya akina mama. Akawaambia kwamba yeye ni mwenyekiti wa kikundi kisichobagua mtu, chenye kilema na kiziwi ndani yake, na kwamba sikukuu yetu ni ya kila mtu. Wakasema watakuja kuiona kwa macho yao. Alirudi nyumbani anang'aa.

Tukakaa kikao. "Kwanza," Everlyne akasema, "ngoma tutacheza tumesimama. Wageni watadhani tumechoka."

Mogesi akamgeukia. "Wifi, si umewaambia sikukuu ni ya kila mtu?"

"Kusimama ni kwa siku hiyo tu. Halafu wewe ndiye utakayesimulia. Mimi nasoma risala, wewe unawaeleza ilivyoanza. Nani mwingine atawaeleza?"

"Niwaeleze yote?"

"Yote, wifi. Haki ya nani."

Basi Mogesi akaanza kujiandaa. Palizi yote ya msimu ule alipalilia akizungumza na wageni ambao hawajafika. Alianzia kwa Mama Waitara na ule ulimi, akaenda kwenye debe la maji, akafika kwenye vyungu viwili, na kila siku alipunguza hapa na kuongeza pale, akatuuliza, "Hapo watacheka?" Nikamwambia watacheka. Akasema, "Basi wakishacheka ndipo nawaambia habari ya zamu, wakiwa wameshalainika." Hicho ndicho alichotaka wakielewe, kwamba hakuna aliyemsaidia mwenzake pale, kila mtu alileta mkono alio nao.

Siku yenyewe Everlyne alifika asubuhi na kitenge kipya. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamfunga kilemba. Halafu akaanza kumfungua zile tairi magotini.

"Hizo acha," Mogesi akasema.

"Zitachafua kitenge. Ni leo tu, wifi. Utakaa kwenye kiti kama mgeni rasmi."

Akazifungua, akaziweka juu ya dari la jiko. Kisyeri na mwanamume mwingine wakambeba Mogesi mpaka uwanjani, yeye aliyekataa kubebwa, wakamkalisha mbele kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Sisi tulipangwa upande wa pili, tumesimama. Nilipomwangalia toka kule nikaona mikono yake imekaa mapajani kama ya mtu anayengoja kupigwa picha. Bila tairi zile hakuweza kwenda popote. Hilo wageni hawakulijua, lakini Everlyne alilijua.

Wageni wakaja, wakakaa, wakapewa soda. Tukaimba tumesimama. Kisha Everlyne akasoma risala, na sauti yake ilikuwa nzuri, imenyooka. Alisoma habari za mshikamano, habari za maji, habari za barabara. Halafu akafika hapa: "Ndugu mgeni rasmi, pamoja na kazi zake nyingine, kikundi chetu kinawahudumia wasiojiweza. Mama huyu mnayemwona mbele yenu hawezi kufanya kazi yoyote. Kikundi kinamlimia bure, kinampa chakula, na kinamfariji."

Watu wakapiga makofi. Nitasema na hili: wenzangu nao walipiga. Walipiga kwa sababu wageni walipiga.

Mogesi akainua mkono. Everlyne, akiendelea kusoma, akasogea nyuma ya kile kiti na kumwekea kiganja begani, akambonyeza taratibu, kama mtu anayefunika sufuria. Mgeni rasmi alikuwa mama mtu mzima, mwenye uso wa huruma. Risala ilipokwisha alikuja akachuchumaa mbele ya Mogesi, akamshika mikono, halafu akamwangalia Everlyne juu na kumuuliza, "Anaongea?"

Everlyne akasema, "Kidogo."

"Naongea," Mogesi akasema. "Mama, mimi nina zamu, mimi napalilia..."

"Asante sana, mama, pole sana," mgeni akamjibu, machozi yamemlengalenga, na kumbe hakuwa anasikiliza, alikuwa anamhurumia. Akainuka, akapewa nafasi ya picha. Mimi nikatoka kwenye mstari nikapaza sauti, "Huyo si wa msaada! Huyo amepalilia mashamba yetu yote!" Everlyne akageuka kwa wapiga ngoma na kusema, "Akina mama, furaha!" Ngoma ikapigwa, na uzee wangu wote na darasa langu la saba vikafunikwa na vigelegele.

Tulipewa majembe mapya, na Mogesi akapewa baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Magari yakaondoka.

Dorka ndiye aliyekuwa akifurahi kuliko wote, maskini. Mkalimani wake alikuwa kwenye kiti cha mbele, kwa hiyo hakupata hata neno moja la risala. Aliona makofi, akapiga makofi. Sasa akamwendea Mogesi na jembe lake jipya, akamuuliza kwa mikono, walisema nini? Mogesi akamwambia. Ilimchukua muda kumwambia, akarudia mara mbili. Dorka akamtazama, akatutazama sisi, akaenda mpaka mbele ya Everlyne, akaliweka lile jembe chini miguuni pake. Hakulitupa. Aliliweka, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Huyu naye ana nini?" Everlyne akauliza, na akacheka peke yake.

Ile baiskeli, kwa njia zetu za mawe, mnyororo ulitoka kabla haijafika bomani. Kuku wakaipenda. Halafu Kisyeri akaona ina magurudumu mazuri, akaiazima. Aliipakia magunia ya mawe ya dhahabu akayapeleka kusagwa, akaenda na kurudi, mpaka ekseli ikakatika katikati ya mto. Mogesi alipomuuliza alijibu, "Dada, si ulikuwa huitumii?"

"Ningeitumia kukugonga, mura, kijana wewe," Mogesi akamwambia. Bado alikuwa na utani wakati ule. Alidhani aibu ile ya uwanjani ilikuwa ya siku moja, kama alivyoambiwa.

Mvua zikakaribia. Everlyne akatuita, akatangaza mpangilio wa kulima: kwanza kwa fulani, kisha kwa fulani, mpaka akafika mwisho na kukunja mikono. Mogesi alikuwa amekaa mbele kabisa.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe vipi, wifi?"

"Zamu yangu iko lini?"

Everlyne akamjibu kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. "Wifi, wewe sasa umeshatambulika. Wale watu wamekuweka kwenye watu wao wa kusaidiwa. Watu wa kusaidiwa hawawekwi kwenye zamu. Tukipata nafasi tutakukumbuka, usijali."

"Nafasi? Msimu uliopita nimepalilia kwako, kwa huyu, kwa huyu, na kwa huyu." Alikuwa anawanyooshea kidole mmoja mmoja, na kila aliyenyooshewa aliangalia chini. "Mkono wangu niliuleta. Sasa leteni wenu."

"Hakuna anayekataa, mama," mmoja akasema. "Ila mwenyekiti amesema."

Wanawake wale niliwajua tangu wakiwa wasichana. Nusu yao watoto wao walijifunza kutembea kwa kushika mabega ya Mogesi. Lakini wengi walikuwa machimboni siku tano kati ya sita, jembe limekuwa zito, na kusema kweli shamba moja kupungua kulikuwa nafuu kwao. Nikasimama nikawaambia hivyo hivyo. Everlyne akasema, "Mama Nyamhanga, heshima yako, lakini mwenyekiti ni mimi." Mama Nyamhanga ni mimi, na tangu siku hiyo sikukanyaga tena kwenye risaga ile.

Shamba la Mogesi tulililima mimi na Dorka. Dorka alilima kama mtu anayegombana na ardhi. Lakini yeye ana shamba lake na mume wake, mimi nina langu na mgongo wangu, na mvua haikutungoja. Tulimaliza nusu. Nusu ya upande wa juu ilibaki na majani yake.

Hata hivyo Mogesi hakuwa amekata tamaa, na hapa ndipo ninapomlaumu kidogo, kwa kuwa na moyo mwema kupita kiasi. Palizi ilipofika alifunga tairi zake, akakwaruza mpaka shambani kwa Everlyne ambako risaga ilikuwa imeanza, akakaa mwisho wa kundi, akaanza kung'oa. Alinisimulia mwenyewe. Alisema alifikiri wakimwona chini pale, kama zamani, watakumbuka. Wenzake walisogea wakampa nafasi. Hapo Everlyne akaja anakimbia, amejishika kanga.

"Wifi, toka! Toka hapo tafadhali! Gari la wale watu linapita hapa kila mara, wakikuona watasema tunamtumikisha kilema!"

"Mimi ndiye ninayetaka."

"Nani atajua kwamba unataka? Unataka kutuharibia? Nenda nyumbani ukapumzike, kwani nani amekuambia ufanye kazi?"

Mogesi aliniambia kwamba ule uchungu wa uwanjani alikuwa ameanza kuusahau. Huu hapana. Alikaa pale na magugu mkononi, na hakuna mmoja aliyesema, mwache. Akayaweka chini, akageuka, akarudi njia ile ile aliyokuja nayo. Aliyempita njiani ni mtoto mkubwa wa Everlyne, Kezia, ametoka shule, akamwambia, "Shikamoo shangazi, mbona unalia?" Akamjibu, "Ni vumbi."

Siku chache baadaye ikaja habari kwamba wageni wanarudi kuona maendeleo. Tulikuwa shambani kwa Mogesi, yeye, Dorka na mimi, tumekaa chini kwenye ile nusu yenye ulezi. Everlyne akatokea barabarani na kitenge mkononi, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Shikamoo, Mama Nyamhanga."

"Marahaba."

"Wifi, jamani, bado uko kwenye udongo? Twende nikuogeshe. Watu wako njiani."

Mogesi hakuinua uso. "Upande wa juu haujalimwa, wifi."

"Tutaulima. Haki ya nani tutaulima, mwezi ujao nitakuweka wa kwanza."

"Mwezi ujao nipande nini?"

Everlyne akavuta pumzi. "Sikiliza. Waliuliza habari zako kwa jina. Tumeshaweka na kiti. Nitawaambia nini?"

"Kiti kipo?"

"Kipo."

"Basi kaa wewe."

Dorka alikuwa akiangalia midomo yao, akanigusa, nami nikamgeuzia kwa mikono nilivyoweza. Akacheka kwa sauti, kile kicheko chake cha kuchelewa. Uso wa Everlyne ukabadilika. Nilidhani atatukana, kumbe alianza kulia, na machozi yake hayakuwa ya uongo, hilo nitaapa.

"Nimekufanyia nini, wifi? Niambie. Baiskeli nimekuletea mimi. Jina lako linajulikana mpaka Mwanza kwa ajili yangu. Kabla yangu nani alikujua?"

Mogesi akapangusa mikono kwenye gauni lake. Alimwangalia mke wa kaka yake, yule aliyemsuka nywele, ambaye watoto wake aliwalea yeye, na nilimwona akitafuta maneno, yeye ambaye maneno hayakuwahi kumpotea.

"Nilikuwa na zamu," akasema.

 Everlyne akakiweka kile kitenge begani, akageuka na kukata katikati ya shamba ili awahi barabara.

"Pita pembeni," Mogesi akamwambia. "Unakanyaga ulezi."

Akapita pembeni. Baada ya muda tulisikia magari yakipanda, halafu ngoma. Tukaendelea kupalilia. Mogesi alivuna nusu shamba mwaka ule, akala hiyo nusu mpaka ilipokwisha, na mpaka anakufa risaga ile haikumrudishia zamu wala yeye hakuiomba tena.